Nyumba Njema Si Mlango: Sura Adimu za Saratani ya Seli Bapa



Nitaanza na swali nililoulizwa na mzee mmoja miaka mingi iliyopita. Alikuwa mtu wa mwambao, mla tambuu tangu ujana wake. Ndani ya shavu lake la kushoto kuliota uvimbe mweupe, umechanuka kama koliflawa. Alikatwa kinyama mara tatu katika muda wa miaka miwili. Vile viwili vya mwanzo nilivisoma mimi, nikiwa bado najifunza patholojia, na mara zote mbili niliandika: sunzua, hakuna saratani. Cha tatu kilitoa jibu jingine, lakini uvimbe ulikuwa umeshaingia kwenye mfupa wa taya. Nikaenda wodini kumweleza. Nikamwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza kwa upole: “Mwanangu, vile viwili vya mwanzo mlikuwa mnatazama nini?”

Sikuwa na jibu siku ile. Mhadhara huu ndio jibu langu.

Tumezoea kusema kwamba kinyama kimepelekwa kupimwa, kana kwamba huko kuna mashine inayokimeza na kutoa risiti. Kuna mtu aliyeketi mbele ya hadubini. Anatazama, anakumbuka, analinganisha, na kuna siku anakosea. Leo nataka mketi kwenye kiti chake kwa muda kidogo, mtazame naye saratani moja ambayo sote tumewahi kuisikia, katika zile sura zake ambazo hazionekani mara kwa mara. Nimechagua sura hizo kwa sababu ndizo zilizonifundisha kazi. Saratani ya kawaida hujitaja yenyewe. Hii adimu humlazimu msomaji aulize, na asipouliza, anayelipa ni mgonjwa.

Sakafu na ghorofa

Kiswahili kina neno linalotufaa sana: bapa, kama bapa la kisu. Tabaka linalofunika ngozi, kinywa, koo, umio, mlango wa kizazi, uke, uume, njia ya haja kubwa na weupe wa jicho limejengwa kwa seli zinazoanza nene na kuishia bapa. Safu ya chini kabisa imesimama wima kama matofali, nayo ndiyo inayozaa. Seli changa husukumwa juu, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyolala na kujaa keratini, ile protini inayofanya nywele, kucha, kwato na pembe. Kwenye ngozi safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja, kisha seli iliyokufa hubanduka na kuwa taka tunayoisugua tukioga.

Mambo mawili ya tabaka hilo naomba myashike, maana nitayarudia. La kwanza ni vidaraja. Kila seli imeshikamana na jirani zake kwa viungo vidogo vingi, na hadubini nzuri huvionyesha kama vijiti vyembamba kati ya seli na seli. La pili ni sakafu. Chini ya safu ya mwisho umetandikwa utando mwembamba unaozitenga seli hizi na nyama iliyo chini yake, yenye mishipa ya damu na ya limfu. Maadamu seli zipo juu ya sakafu, hata zikivurugika namna gani, hazina njia ya kusafiri. Zikiitoboa na kushuka, hiyo ni saratani.

Kinyama kikikatwa hutumbukizwa kwenye fomalini kisioze. Maabara huondoa maji yake, hukijaza nta, kisha mtaalamu hukikata vipande vyenye unene wa maikroni 3 hadi 5. Maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo kipande hicho ni chembamba kuliko unywele mara nyingi. Hubandikwa kwenye kioo na kupakwa rangi mbili. Hematoksilini, inayotokana na kiini cha mti wa Amerika ya Kati, hugeuza viini vya seli kuwa na rangi ya bluu iliyoiva. Eosini hutia waridi sehemu iliyobaki. Keratini huipokea eosini kwa wingi, ikawaka waridi kali.

Saratani ya seli bapa ya kawaida basi hujulikana kwa alama zake. Mafungu ya seli yameshuka chini ya sakafu. Viini vimevimba, havilingani. Vidaraja bado vinaonekana. Na katikati ya mafungu kuna duara za keratini zilizojizungusha tabaka kwa tabaka, tunaziita lulu. Seli imesahau mahali pake, ila haijasahau kazi yake: inatengeneza ngozi ndani ya nyama. Mwaka 1920 Albert Broders wa Mayo Clinic, Marekani, alitumia hali hiyo kuupanga ugonjwa wa mdomo kwa madaraja: kadiri seli zinavyoendelea kufanana na asili yake, ndivyo daraja linavyokuwa dogo. Wazo lake bado tunalitumia.

Sasa tuondoe alama hizo moja baada ya nyingine, tuone kinachobaki.

Sunzua ambayo si sunzua

Mwaka 1948 Lauren Ackerman, mwanapatholojia wa jimbo la Missouri, alieleza uvimbe wa kinywani uliofanana sana na sunzua. Unakua polepole, kwa miaka. Wengi wa wagonjwa wa namna hiyo ni watumiaji wa tumbaku ya kutafuna, na hapa kwetu ni lazima nitaje kuberi, ugoro, na tambuu yenye popoo na tumbaku. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imeshaorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Chini ya hadubini, sehemu ya juu ina keratini iliyorundikana katika vilele vilivyochongoka. Ukishuka, unakuta tabaka limeteremka kwa ndimi nene, butu, zote zikikomea kwenye kina kimoja, zikiikandamiza nyama iliyo chini kama mguu wa ndovu unavyokandamiza tope. Kuzunguka ndimi hizo zimekusanyika seli za kinga kwa wingi. Na seli zenyewe zina adabu. Viini vyake ni vya kawaida au vimepotoka kidogo mno, na zinazogawanyika zipo pale chini tu, mahali panapostahili. Sakafu haijatobolewa. Imesukumwa.

Sasa fikirini daktari anapochukua koleo na kunyofoa kilele kimoja cha juu. Nitakachokiona mimi kwenye kioo ni keratini nyingi na seli nzuri. Nitaandika sunzua, na kwa kile nilichokiona sitakuwa nimesema uongo. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ubaya wa uvimbe huu wote uko chini, katika umbo la ndimi na jinsi zinavyousukuma mwili. Kinyama kisichofika huko hakina habari yoyote ya maana.

Mwalimu wangu alipovitazama vile vioo viwili vya mzee wangu hakunikemea. Alinyanyua kichwa akaniuliza: “Sakafu iko wapi?” Haikuwepo. Vinyama vyote viwili vilikuwa vimenyofolewa juu juu, nami nilitia saini kwa kitu ambacho sikukiona. Jibu la haki lingekuwa maneno machache: kinyama hiki hakitoshi, nileteeni kilichokatwa ubavuni mwa uvimbe, kirefu, kifike chini. Siku ile mzee aliponiuliza tulikuwa tunatazama nini, ukweli ni kwamba tulikuwa tunatazama mlango.

Kuutambua uvimbe huu kuna uzito kwa sababu nyingine. Uvimbe wa aina hii ukiwa safi, yaani bila mchanganyiko, hula kilicho karibu yake, hata mfupa, lakini hausambai kwenda kwenye mitoki wala mapafu. Ukikatwa wote na kingo zikawa safi, mgonjwa ana matumaini makubwa. Ila si kila mara huwa safi. Ripoti ya mwaka 1984 iliyochunguza wagonjwa 104 wenye uvimbe huu wa kinywani ilikuta kwamba kwa mmoja kati ya watano hivi, ndani yake kulikuwa na saratani ya seli bapa ya kawaida, ile inayotoboa na kusafiri. Ndiyo maana uvimbe ukishaondolewa tunaukata vipande vingi na kuvisoma vyote.

Ndugu zake wapo kwingine. Mwaka 1954 Ian Aird na wenzake waliueleza ulio kwenye wayo, unaochimba mashimo kama ya sungura ndani ya nyama, na ukibonyezwa hutoa uchafu mzito wenye harufu. Mtu anaweza kuutibu kama sunzua ya mguu kwa miaka. Na kwenye kibofu cha mkojo sura hii huonekana hasa kwa watu walioishi na kichocho. Kichocho ndicho kinachogeuza utando wa kibofu, ambao kwa asili si wa seli bapa, ukawa wa seli bapa kwa kuchokozwa na mayai ya mnyoo. Ferguson, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aliandika kuhusu uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu mwaka 1911. Msomaji wa hadubini wa Unguja, Pemba au Kanda ya Ziwa huyakuta mayai hayo yamekwama ndani ya nyama karibu kabisa na saratani, mengine yamegeuka chokaa, yakiwa na mwiba wake kwenye ncha.

Mianya isiyo na ute

Tuvunje vidaraja. Kuna sura ambayo seli za katikati ya fungu huachana. Zile za pembeni hubaki zimeshika sakafu yao, za katikati hudondoka, na pale palipokuwa pamejaa panabaki mwanya. Ukitazama haraka unaona duara la seli limezunguka uwazi, na hilo ndilo umbo la tezi. Walter Lever alipoieleza mwaka 1947 alidhani ni uvimbe wa tezi za jasho. Mara nyingi huota usoni na kichwani, kwenye ngozi iliyopigwa na jua miaka mingi.

Msomaji afanye nini? Kwanza atazame kinachoelea ndani ya mwanya. Akikuta seli moja moja za mviringo, zenye waridi la keratini, zimetengana na wenzake, aanze kushuku. Pili, aombe rangi ya ute. Tezi ya kweli hutoa ute, na ute una rangi zake za maabara. Mwanya wa seli zilizoachana hauna ute ndani yake.

Kipimo hiki si cha bei kubwa, lakini kinatenganisha magonjwa mawili. Ipo saratani nyingine iliyochanganya kweli: sehemu ya juu seli bapa zenye lulu, sehemu ya chini tezi halisi zenye ute. Hiyo huwahi kusambaa, na mgonjwa wake anahitaji upasuaji mpana na kufuatiliwa kwa karibu. Na kuna hatari ya tatu. Mianya ile ikiingiwa na damu hufanana na saratani ya mishipa ya damu, ambayo ina matibabu tofauti kabisa. Mianya ni ileile kwa jicho, majina ni matatu, na njia za mgonjwa ni tatu.

Seli ndefu za zoloto

Tuondoe sasa lulu zote, na waridi lote. Mtu mzima, mvutaji wa sigara, sauti imekwaruza kwa miezi. Daktari wa masikio, pua na koo anaingiza kamera na kukuta kinyama kinachoning’inia kwenye zoloto kwa kikonyo. Uso wake umechubuka. Kwenye kioo kuna seli ndefu, zimechongoka ncha mbili kama ngalawa, zinatiririka kwa makundi zikipishana. Hamna lulu, hamna kidaraja hata kimoja. Mwanafunzi yeyote atasema hii ni sakoma, saratani ya misuli au ya tishu zinazounganisha mwili.

Tumejifunza kutosema hivyo haraka. Sakoma ya kweli ndani ya kinywa na zoloto ni nadra, na saratani ya seli bapa iliyobadilisha umbo ni rahisi zaidi kuikuta hapo kuliko sakoma. Kwa hiyo tunarudi kwenye kingo. Tunatafuta mahali ambapo utando wa juu haujachubuka, tuone kama seli zake zimevurugika au kama kuna kafungu kadogo ka saratani ya kawaida kalikojificha. Kakipatikana, hata kawe na upana wa milimita moja, kesi imekwisha: hizi seli ndefu ni watoto wa utando ule.

Kasipopatikana, tunatumia kingamwili zilizotiwa rangi, ambazo hunasa protini maalumu ndani ya seli. Tunatafuta keratini, na tunatafuta zile ziitwazo p63 na p40 ambazo hukaa kwenye viini vya seli za ukoo wa bapa. Baadhi ya uvimbe huu hukataa vyote. Hapo ndipo mwanapatholojia anapopaswa kuandika kwa uaminifu kwamba vipimo vimenyamaza, lakini mahali uvimbe ulipoota na historia ya mgonjwa vinaelekeza kwenye saratani ya seli bapa. Kunyamaza kwa kipimo si ushahidi kwamba kitu hakipo.

Iko na nyingine ya eneo hilohilo, ambayo Wain na wenzake waliieleza mwaka 1986 kwa wagonjwa 10 wa ulimi, koo la chini na zoloto. Hii imegoma kukomaa. Seli zake ni ndogo, za bluu nzito, zimejazana kwenye mafungu, za pembeni zimejipanga wima kama uzio, na katikati ya fungu seli zimekufa. Hufanana sana na saratani fulani ya tezi za mate. Kinachoitofautisha ni kipande kidogo cha keratini mahali fulani, kwa hiyo mwenye kusoma kioo kimoja akaridhika anaweza kuikosa.

Mitoki ya shingo na mhadhara wa mwaka 1961

Sura hii naipa nafasi zaidi, maana ina historia ya Afrika Mashariki ndani yake.

Kijana anakuja na mitoki shingoni. Haina maumivu, inakua. Katika nchi zetu wazo la kwanza ni kifua kikuu, nalo ni wazo la haki, kwa kuwa kifua kikuu cha mitoki kipo kwa wingi. Anaanzishiwa dawa. Miezi inapita, mitoki haipungui, na sasa pua imeziba upande mmoja, sikio la upande huohuo limekuwa zito. Chanzo kiko nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini, mahali ambapo mtu hawezi kujiona hata kwa kioo.

Kinyama kikiletwa, jicho linakutana na umati wa limfosaiti, seli ndogo nyeusi za kinga. Ndani ya umati huo kuna seli kubwa, zenye viini vilivyopauka na kituo kimoja kikubwa katikati, mipaka yake imefutika kiasi kwamba zinaonekana kama ziwa moja. Hamna keratini. Mtu anaweza kudhani ni uvimbe wa limfu, ama akaona limfosaiti tu na kusema ni uambukizo wa kawaida. Regaud nchini Ufaransa na Schmincke nchini Ujerumani walieleza sura hii mwaka 1921, kila mmoja kivyake.

Sasa historia. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London katika Hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwepo mtafiti Anthony Epstein. Epstein alitoka pale na shauku ya kutafuta kirusi ndani ya uvimbe huo. Vinyama vya watoto wale vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wamekiona kirusi hicho kwa hadubini ya elektroni. Miaka miwili baadaye, 1966, damu ya wagonjwa wa saratani ya nyuma ya pua ilionyesha dalili za kirusi hichohicho. Seli kubwa zilizopauka zinakibeba.

Leo maabara yenye uwezo huweza kukitia rangi kirusi hicho ndani ya kinyama, na viini vya seli za saratani hujaa alama huku limfosaiti zinazozizunguka zikibaki tupu. Kilichokuwa kimejificha kwenye umati kinajitenga waziwazi. Na kuna sababu ya kujitahidi: saratani hii huisikia mionzi vizuri kuliko nyingi za kichwa na shingo. Kijana yule ana njia, mradi apewe jina lake mapema.

Nikitazama vijana wanafunzi walioketi nyuma, nakumbuka kwamba vinyama vilivyoufungulia ulimwengu mlango huu vilikatwa kwa watoto wa hapa kwetu, vikafungwa na mikono ya hapa kwetu. Kazi ya kukata, kuhifadhi na kuandika vizuri si kazi ndogo.

Kidonda cha miaka mingi

Mpaka sasa nimezungumzia saratani inayosomwa kama si saratani. Kosa la upande wa pili lipo, na ni zito vilevile.

Wengi wenu mnakijua kidonda ndugu, kile cha chini ya goti kisichotaka kupona. Jean-Nicolas Marjolin wa Paris aliandika mwaka 1828 kuhusu vidonda vyenye vinundu vinavyoota juu ya makovu, na mwaka 1903 John Chalmers Da Costa wa Marekani akavipa jina la Marjolin vile vilivyogeuka saratani. Kovu la moto lililokaa miaka, kidonda ndugu kisichofunga, mfupa uliooza na kutoa usaha kwa muda mrefu: vyote hivyo vinaweza kufikia hapo, na saratani yake ya kawaida ni ya seli bapa.

Lakini ngozi iliyochokozwa kwa muda mrefu hufanya kitu kingine. Hushusha ndimi ndefu ndani ya nyama, zikajipinda, zikatengeneza hata lulu. Hufanya hivyo pembeni mwa vidonda sugu, juu ya kifua kikuu cha ngozi, juu ya fangasi walioingia ndani. Ukikata ndimi hizo kwa pembe mbaya, ncha zake huonekana kama mafungu yaliyojitenga chini ya sakafu. Si saratani. Ila inafanana nayo kiasi cha kumtetemesha mkongwe wa kazi.

Tunatazama viini: je, vimevurugika au vimechangamka tu? Tunatazama kama ndimi bado zimeungana na tabaka la juu. Tunatafuta sababu iliyojificha, kama fangasi au vinundu vya kifua kikuu. Na tunaomba kinyama zaidi, kutoka pembe kadhaa za ukingo, kirefu. Hapa haraka haina baraka hata kidogo, maana kinachosubiri upande wa pili wa karatasi ni msumeno. Mguu ukikatwa haurudi.

Tunachoombana

Ndugu zangu, wengi wenu hamtakutana na sura hizi. Walio wengi wenye saratani ya seli bapa Afrika Mashariki wana ile ya kawaida: ya umio, ya mlango wa kizazi, na ya ngozi kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na kipele kilichokatwa mapema vinawaongezea miaka. Lakini yale yanayotakiwa ili sura adimu itambulike ndiyo yanayomfaa kila mgonjwa.

Kwa anayekata: kata ukingoni, kata kirefu, nionyeshe sakafu. Kitumbukize kwenye fomalini iliyozidi kinyama mara 10 kwa ujazo, wala si kwenye spiriti. Kama kinatoka kwenye weupe wa jicho, kitandaze kwanza juu ya kipande cha karatasi, la sivyo kitajikunja na hatutajua juu ni wapi. Jicho nalitaja kwa makusudi. Ripoti kutoka Kampala mwaka 1995 ilionyesha uhusiano wa saratani hii ya jicho na maambukizi ya VVU, na utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba matone ya fluorourasili baada ya upasuaji hupunguza kurudi kwa uvimbe: ulirudi kwa asilimia 11 ya waliotumia dawa, dhidi ya asilimia 36 ya wasioitumia. Dawa ipo. Kinachohitajika ni jibu lililosomeka.

Kwa anayejaza fomu: niandikie umri, mahali hasa, muda, kazi ya mgonjwa, tumbaku, tambuu, kovu la zamani, hali ya VVU, na kama aliwahi kukatwa kinyama kabla. Fomu ya mzee wangu ilikuwa na maneno mawili: uvimbe mdomoni. Laiti ningesoma kwamba ametafuna tambuu miaka arobaini na kwamba uvimbe unazidi kukua licha ya jibu langu la kwanza, nisingeandika la pili.

Kwa sisi tunaosoma: tusione aibu kuandika kwamba kinyama hakitoshi. Tunyanyue simu tumpigie aliyekata. Tuwaonyeshe wenzetu vioo vinavyotutatiza. Siku hizi picha ya kioo hufika mji mwingine kwa dakika chache.

Kwa wenye mamlaka: kingamwili za p40 na za keratini, na mtu wa kuzisoma, vihesabiwe kuwa sehemu ya tiba ya saratani kama vinavyohesabiwa dawa na mionzi. Dawa inayofuata jina lililokosewa ni hasara mara mbili.

Na kwa mgonjwa na jamaa zake: jibu la kinyama ni lako. Litunze kama unavyotunza hati. Nta iliyobeba kinyama chako huhifadhiwa na inaweza kusomwa upya. Jibu likisema salama na uvimbe ukaendelea kukua, rudi, uliza kama sakafu ilionekana. Una haki ya kuuliza hivyo, na daktari mwema hatakasirika.

Mzee wangu alifanyiwa upasuaji. Kinyama cha tatu kilifika chini, na kilionyesha zile ndimi butu zikisukuma, bila mchanganyiko. Mitoki yake ilikuwa salama. Lakini taya la kushoto liliondoka, na tangu hapo chakula chake kilikuwa uji na vitu laini. Kama kinyama cha kwanza kingekatwa kwa kina, au kama mimi ningeuliza, angepoteza kipande cha shavu tu. Sikumrudia kumpa jibu la swali lake. Nililijua nikiwa nimechelewa, baada ya vioo vingi. Nimelileta kwenu ili wa kwanza atakayekaa mbele ya kinyama cha mtu kesho asubuhi aanze na swali lile la mwalimu wangu, kabla ya kushika kalamu.